Kitabu cha Wageni

Tuliondoka Cheyo gizani,
Corolla ya kuazima, taa moja inakonyeza,
buti limejaa madumu ya asali ya Shangazi Kalekwa,
naye akasema, nikiwa bado nahangaika na gia:
"Miaka sitini na miwili naishi Tabora.
Watu wanapanda ndege kuja kuiona nyumba ya Kwihara,
mimi naijua ukuta wake tu, kwa mbali, nikienda kupalilia.
Leo nami mtalii. Pita huko kwanza."

Basi Kwihara.
Jua linaparamia tembe jekundu,
mlinzi, mswaki mdomoni, anatafuta ufunguo
mfuko huu, mfuko ule.
Ndani kuna ubaridi wa mtungi.
Hapa alilala mzungu. Hapa aliandikia barua.
Hapa palikaa shehena yake, vitambaa na shanga.
Shangazi anachungulia uani:
"Na jiko?"
Mlinzi anatazama juu, kana kwamba jibu limening'inia darini.
"Jiko, mama, halikuandikwa."

Hakusema neno hadi Urambo,
ambako harufu ya tumbaku ilipanda garini bila nauli.
Kaliua akanunua furu, kopo zima,
akawa anatemea kokwe dirishani
na kuihesabu mizinga juu ya miyombo:
ule wa gome, ule wa gogo,
ule umewekwa na mvivu, angalia ulivyoinama.
Mbung'o mmoja alitusindikiza kilomita nyingi.
Tulimpiga kwa gazeti, kwa ndala, kwa matusi.
Alishuka alipotaka.

Malagarasi aliniambia nisimame.
Mto umejitandaza, matete yamesimama majini hadi kiunoni,
daraja limenyooka juu yake, halina habari na mtu.
"Baba alisema hapa misafara ilisubiri siku nzima,
mkubwa wao akibishana na wenye mitumbwi.
Hukuvuka bila hongo.
Na hongo lilikuwa neno safi wakati huo, kama ushuru."
Mbele kidogo ya Uvinza, trafiki akaiona taa yetu.
Aliizunguka gari mara mbili, taratibu,
akaliinamia buti, akavuta pumzi:
"Hii asali ya Tabora?"
Lita moja ikashuka.
Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu.
"Neno ni lile lile," akasema. "Kivuko tu ndicho kimehama."

Ujiji tulifika alasiri, vumbi hadi kwenye kope.
Kuna jiwe. Kuna bango. Kuna kijana mwenye fimbo ya kuonyeshea,
Ruhaza jina lake, anaongea kama maji ya bomba:
mgeni wa kwanza alisimama pale,
mgeni wa pili alitokea huku,
wakavuliana kofia.
Kisha akatuletea kitabu.
Jina. Nchi. Tarehe. Maoni.
Juu yetu Mdachi mmoja kaandika: pazuri sana.

Shangazi akavaa miwani.
Akaandika, kalamu ikikwaruza: Luhende.
"Ndiye nani?" nikauliza.
"Baba wa babu yangu. Alikuja huku na mzigo kichwani,
akarudi na mwingine. Mara ya tatu hakurudi."
Ruhaza akakohoa. "Mama, tunaandika waliofika."
"Kwani yeye alirushwa?"

Nchi: Unyamwezi.
Tarehe: akanitazama mimi niliyesoma,
mimi nikalitazama jiwe.
Akachora kistari.
Maoni: akakaa sana hapo,
wino ukafanya doa dogo, likakua kama kunguni aliyeshiba,
mwishowe akafunga kalamu
na nafasi ile akaiacha wazi.

Sokoni Mwanga tulibadilishana asali kwa mawese,
dumu kwa dumu, akijadili bei kana kwamba kazaliwa Buha.
Lile la mwisho alikataa nisimbebee.
Alizungusha kanga, akatengeneza kata,
akalitua utosini,
akatembea mbele yangu hadi kwenye gari
mikono ikining'inia, mitupu,
shingo haitikisiki.